Kamera Isimpe Mgongo Mgeni Rasmi

Wananchi wote wanatangaziwa kwamba kuanzia sasa hakuna mtoto njiti atakayepumua bila Serikali kujua. Kamera yenye akili, iliyofungwa juu ya kitanda cha joto wodini, itakitazama kifua cha mtoto kikipanda na kushuka. Kikisita tu, kengele italia. Muuguzi atampigapiga mtoto unyayo kwa kidole, mtoto atashtuka, atalia, atapumua. Mimi, Mwenyekiti wa Kamati ya Kitaifa ya Uratibu wa Pumzi, ndiye niliyesimamia yote, ukiacha kamera yenyewe, ambayo ilikuja na wataalamu wake.

Waraka wangu ulikuwa mfupi. Kauli ya mashine ni ya mwisho, na muuguzi atakayeipinga atachukuliwa hatua. Macho ya binadamu yana mambo mengi: yanasinzia, yanalia, yanachungulia saa ya kutoka kazini.

Siku ya uzinduzi tulitandika zulia jekundu humo wodini, tukaweka skrini kubwa kwa ajili ya waandishi wa habari na kiti cha kifahari kwa ajili ya Waziri. Waziri alipoketi tu, nusura nizimie. Kamera ilikuwa imekiinamia kitanda chenye mtoto, imempa mgongo mgeni rasmi! Kwa itifaki ipi? Nikapanda juu ya kigoda, nikaigeuza kwa mikono yangu mwenyewe mpaka ikamtazama Mheshimiwa kifuani.

"Bosi," muuguzi akaninong'oneza, "sasa mtoto anaangaliwa na nani?"

"Na Serikali," nikamjibu.

Nikaanza hotuba. Waziri, kwa uchovu wa kulitumikia taifa, akafumba macho ili anisikilize vizuri zaidi. Kwenye skrini yakatokea maandishi ya kijani: MTOTO ANAPUMUA. AMELALA SALAMA. Makofi yakarindima.

Hapo ndipo mama wa mtoto, mzazi wa mara ya kwanza ambaye hata miezi hakuitimiza, alipoamua kutuharibia shughuli.

"Sista! Mwanangu anabadilika rangi! Ona midomo!"

"Tulia, mama," nikamwambia kwa upole. "Soma skrini. Anapumua."

"Mimi sikuzaa skrini! Mtazameni mtoto!"

Muuguzi alikuwa ameshaingiza mkono kitandani. Nikamkumbusha waraka, akawa kama hasikii. Akaupiga ule unyayo, mdogo kuliko dole gumba langu. Kimya. Akapiga tena. Nilijikuta nimeusahau ukurasa niliokuwa nikisoma, jambo ambalo halijawahi kunitokea. Kisha kikatoka kilio chembamba, na mama akamnyakua mwanawe, akamweka kifuani ngozi kwa ngozi, akaangua kilio mbele ya viongozi bila hata kuomba radhi.

"Sista," nikasema, "umeipinga mashine mbele ya waandishi. Utajieleza ofisini kwangu."

"Nimekuelewa, bosi. Sirudii tena. Mashine ikisema, mimi natekeleza."

Utii huo ulinifurahisha sana. Nikarudi kwenye hotuba. Waziri sasa alikuwa akikoroma, mkoromo mzito kama lori linalopanda mlima, ukafika juu, ukakwama. Kengele ikalia. Skrini ikawa nyekundu: MTOTO HAPUMUI. APIGWE UNYAYO.

Muuguzi hakupoteza muda. Akapiga magoti juu ya zulia, akamvua Mheshimiwa kiatu, akamvua na soksi, ambayo ilikuwa imetoboka. Waandishi wakasogea na kamera zao.

"Sista, una wazimu? Huyo ni Waziri!"

"Bosi, kauli ya mashine ni ya mwisho."

Akapiga. Akapiga tena, kwa bidii ambayo mtoto hakuipata. Waziri akaruka, akapiga ukelele uliosikika mpaka langoni.

Skrini ikarudi kijani: MTOTO AMELIA. APEWE MAMA YAKE.

Wodi nzima ikamgeukia yule mama. Akakifunika vizuri kile kichwa kidogo kilichokuwa kifuani pake, akamtazama Mheshimiwa, akautazama na mguu wake mtupu.

"Wangu ninaye," akasema. "Huyo wenu, mtafutieni mama yake."