Marlène Si Nchi

Bugolobi, Kampala
3 Agosti 1998

Ndugu Mtunza Nyaraka,

Natumaini hujambo, na masanduku kumi na moja ya marehemu mume wangu, Nashon Obura, mwandishi wa riwaya na mashairi, nayo hayajambo. Mimi ni mjane wake. Naomba kwa heshima zote uyachome. Sababu zangu ni hizi:

1. Nasikia karatasi zake zinalala kwenye chumba chenye kipozahewa, na mgeni hazigusi mpaka anawe mikono. Mwenyewe alizishika huku anakula samaki. Mimi nimekaa naye miaka ishirini na sita chini ya bati linalovuja, na hakuna aliyewahi kunawa mikono kwa ajili yangu.

2. Sanduku la nne lina kikaratasi hiki: "Sabuni, chumvi, mafuta ya taa, usisahau tena." Mmekiorodhesha kama shairi lake la mwisho, na mtafiti mmoja amelisifu kwa uchungu wake. Uchungu upo, sikatai. Lakini ni wangu. Niliandika mimi, nikamtuma sokoni, akarudi na gazeti.

3. Sanduku la sita lina mashairi sabini ya kumsifu Marlène. Watafiti wenu wamekubaliana kwamba Marlène ni fumbo la nchi iliyojeruhiwa na vita. Ndugu, Marlène si nchi. Marlène ni Mkongo anayesuka watu nywele Kabalagala, mtaa wa hapa hapa Kampala. Kama ni nchi, basi mume wangu alikuwa akivuka mpaka kila Jumamosi.

4. Kwa kuwa mnahifadhi kila alichokipenda, mchukueni na Marlène. Mpeni namba, mwekeni penye ubaridi. Mimi kwenye orodha yenu nimetajwa mara moja tu, "mke", bila jina. Hilo limeniuma kuliko mashairi yote sabini.

Mkishindwa kumchukua, chomeni. Nitakuja kusimamia mwenyewe.

Wasalimie wafagiaji, walinzi na watafiti wote, hata yule wa fumbo.

Wako kwa heshima na hasira,
Rosebella Nabangala
(andikeni majina yote mawili)

Nyongeza: Kabla sijaituma barua hii nilikwenda Kabalagala kumtukana Marlène. Kumbe hana habari ya shairi hata moja. Marehemu alimwambia yeye ni fundi redio. "Mama, hakuniambiaka kitu," akasema, akalia, nami nikajikuta nalia. Basi msichome. Alhamisi tunakuja wote wawili. Yeye hasomi vizuri, kwa hiyo nitamsomea mimi, yote sabini, kwa sauti. Watafiti wenu waje wasikilize.