Mtaa wa Foleni Unirudishie Shemeji Yangu

Vwawa, Jumatano

Ndugu Mhariri wa Sauti ya Mpakani,

Nimekuletea habari kwa miaka ishirini na mbili. Leo naleta malalamiko, na mlalamikiwa wa kwanza ni safu yangu mwenyewe.

Mwezi uliopita ulinitaka niandike kejeli. Nikapendekeza kwamba, kwa kuwa foleni ya malori Tunduma ni ndefu kuliko mitaa mingi, na madereva hukaa humo hadi wanaotesha mchicha, basi itambuliwe kuwa mtaa na ichague mwenyekiti. Kejeli ndivyo ilivyo: mwandishi anasema upuuzi kwa uso mkavu, msomaji anauona upuuzi wa kweli ulio nyuma yake. Sehemu yangu niliitimiza. Yaliyofuata ni haya:

1. Jumapili iliyofuata makala ile, madereva walipiga kura. Shemeji yangu Gwamaka, dereva wa lori la saruji na mume wa dada yangu Ikupa, alishinda kwa kura 41 kati ya 58. Nilikuwepo. Hakuna aliyecheka. Aliyeshindwa alikata rufaa.

2. Niliandika ufafanuzi kwamba makala ile ilikuwa mzaha. Wasomaji saba walinipigia simu kunipongeza. Mama Recho, anayeuza chai pale stendi, alisema: "Hapo umewachoma wapinzani wa Gwamaka, mwandishi! Nimecheka mpaka nimekaa chini." Ni makala yangu pekee iliyowahi kumchekesha mtu, nayo haikuwa na mzaha hata kidogo.

3. Foleni ilikwisha. Wiki iliyopita malori yalianza kuvuka siku hiyo hiyo yanapofika. La Gwamaka halikuvuka, kwa sababu mwenyekiti akihama mtaa anapoteza kiti. Aliwaomba wenzake wanane wabaki ili awe na wananchi. Malori yanayotoka Dar yakayakuta yale tisa yamesimama, nayo yakasimama nyuma yake kwa adabu. Asubuhi ya leo nimehesabu 63. Madereva wa Zambia wanamwita bamudala, kama wanavyowaita wazee wao, naye anaitika.

4. Jumamosi hii binti yao Loisi anaolewa kijijini Isansa. Gwamaka anasema hawezi kuondoka, ana kikao cha ulinzi. Nilipomweleza kwamba mtaa wake niliutunga mimi, mezani kwangu, alinipigapiga begani. "Shemeji, waasisi wote husema hivyo. Walete maharusi hapa, tutawatengea nafasi kati ya lori la nne na la tano." Ikupa analia tangu jana. Hajui nani atamkabidhi bibi harusi kanisani.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, Ijumaa, ukurasa wa mbele, chapisha kwamba Mtaa wa Foleni haupo, haujawahi kuwepo, na mwenyekiti wake arudi nyumbani. Pili, kuanzia sasa kila muuza magazeti mkoani apewe mtu mzima mmoja wa kucheka. Mnunuzi akifika kwenye kejeli, mtu huyo acheke kwa sauti ili mnunuzi ajue. Kwenye tanzia anyamaze. Kwenye hotuba aulize kwanza.

Nisalimie Gasper anayepanga kurasa, Marta wa mapokezi, na yeyote hapo ofisini aliyeielewa makala ile.

Mwandishi wako wa Songwe,
Yesaya Mtafya

N.B. Nilikuwa sijaifunga bahasha Ikupa aliponipigia simu. Mchungaji amekataa kufungisha ndoa bila barua ya utambulisho ya mwenyekiti wa anakoishi Loisi, na mwenyekiti wao yuko semina, simu haipatikani. Gwamaka ameiandika barua hiyo mbele yangu kwa dakika tano, juu ya boneti, akagonga muhuri aliochongesha sokoni. Mchungaji ameielekeza kwenye mwanga, akasema muhuri unasomeka kuliko yote aliyopokea mwaka huu. Ndoa ipo, na itafungwa kati ya lori la nne na la tano, baba wa bibi harusi akiwepo. Ikupa anasema atakayemgusa mwenyekiti kabla ya Jumapili atamjibu yeye. Tafadhali usichapishe chochote. Ukishindwa kabisa kujizuia, ondoa jina langu: kwenye barua ya Gwamaka nimesaini kama shahidi, mkazi wa lori namba saba.