Jaribio la Maziwa ya Mkwe

Jamani, leo nimejiumbua mwenyewe, mchana kweupe, na mama yangu akiwa shahidi. Ile suti mliyoahidi kuniazima ya harusi, iuzeni.

Mnajua nimeposa kwa Mzee Gaspari, mfugaji wa Mabira, baba yake Consolata. Leo ndiyo alikuwa anakuja hapa kwetu Nkwenda kutoa jibu. Jana alikuwa amemtuma Consolata atuletee kibuyu cha maziwa. Kwa wafugaji wale, ukitumiwa maziwa ujue umeshakubaliwa nusu. (Sisi tumekulia kwenye migomba na kahawa. Maziwa kwetu ni ya kutia kwenye chai.)

Mimi nikaona somo. Wiki hii nawafundisha kidato cha sita jinsi bakteria wanavyojiokoa wakipatwa na joto. Basi nikayachemsha maziwa ya mkwe, nikayapoza, nikayagawa kwenye vikombe viwili. Kisha nikachukua mtindi kidogo, wenye bakteria wake. Fungu moja nililionjesha vuguvugu kwanza, ndipo nikalitia joto kali. Fungu la pili likaingia kwenye joto kali bila hodi. Kila fungu nikalitia kwenye kikombe chake. Asubuhi kikombe cha kwanza kilikuwa kimeganda vizuri. Cha pili, maziwa yalikuwa vilevile (bakteria wote marehemu). Nilifurahi kama mjinga.

Mzee akafika mapema na binti yake. Tukamwamkia, nikatoka kwenda kwa jirani kuazima viti. Kurudi, namkuta mgeni ameshika kile kikombe kilichoganda. Mama ndiye aliyempa. Mfugaji aone maziwa mezani asikaribishwe, mama uso angeuweka wapi? Kikombe kiko mdomoni. Nikapaza sauti:

"Mzee, usinywe! Hayo yana bakteria!"

Akakiweka chini taratibu. Consolata akanitazama kwa jicho la kuniomba ninyamaze. Sikuliona, au nililiona nikapuuza.

"Mwalimu," mzee akauliza, "haya si maziwa yangu?"

Mwenye akili angeomba radhi. Mimi nikaanza kipindi. Nikamweleza kwamba ndani ya bakteria mna jeni, yaani maelekezo ya kazi zote, na kwamba jeni za kujikinga na joto hukaliwa na mlinzi ili zisisomwe ovyo. Joto likipanda, mlinzi anaachia. Jeni zinasomwa, na protini zinatengenezwa za kunyoosha zile zilizopindwa na joto. Aliyeonjeshwa vuguvugu anakuwa ameshajiandaa, moto ukija unamkuta tayari. Mzee alikuwa anaitikia kwa kichwa, nikadhani nimemkonga moyo. Nikamweleza na nilivyoyatayarisha maziwa yenyewe. Kwa fahari, jamani!

"Uliyachemsha?"

"Ndiyo, mzee. Mpaka yakatokota."

Kumbe kwao maziwa hayachemshwi. Ukiyachemsha, ng'ombe aliyeyatoa anakauka kiwele. Mama akashika kichwa. Mzee akasema kwa upole, na upole huo ndio ulioniua:

"Ng'ombe wangu umemtia motoni, mwalimu. Binti yangu utamfanyaje?"

Akamshukuru mama kwa makaribisho, akavaa kofia, akasema pombe tuliyompelekea ya posa itarudishwa kesho.

Consolata alibaki nyuma kuchukua kibuyu chao. Nikamwambia nitakwenda Mabira kumpigia baba yake magoti. Akatikisa kichwa.

"Baba anapenda maziwa yaliyoganda kuliko chakula," akasema. "Ungenyamaza angemaliza kikombe, akakusifu. Sasa hivi ningekuwa wako."

Akaondoka. Nimekaa hapa na viti vya watu, roho inaniuma, na kesho nina kipindi cha kwanza. Anayetaka kucheka asubiri nizeeke.

Bakteria hana mdomo. Ndiyo maana anapona.