Kichwa cha Kuku Mfukoni

Jumatatu, 5 Agosti. Baraka.

Placide amevaa posheti. Naandika tena ili niamini: Placide, mwalimu wa darasa la nne, mtu mwenye suti moja iliyopauka magotini, jana aliingia kwenye kikao cha familia na kitambaa chekundu kinachungulia kutoka mfuko wa kifuani. Mimi mahali hapo nilikuwa na kalamu mbili za bic. Moja imevuja.

Kikao kilihusu mahari ya mpwa wangu Lionel. Jumamosi tunaipeleka Swima, kwa wazazi wa Divine. Baba yake Lionel ni marehemu, kwa hiyo anatakiwa msemaji: ama mimi, mjomba, ama Placide, baba mdogo. Dada yangu Florentine, mama yake Lionel, alisema msemaji atachaguliwa Ijumaa. Kisha akamtazama Placide kifuani na kusema huyu walau anaonekana yuko tayari. Mimi akanitazama wino.

Naitaka kazi hii kuliko chochote. Miaka mitatu iliyopita nilisemea familia kule Lubondja, na mbele ya watu wote nilimposea kijana wetu mama mkwe badala ya binti. Majina yalifanana! Wanacheka mpaka leo. Safari hii nataka wanyamaze.

Nimeamua. Nitatafuta posheti ya kuizika ile ya Placide. Nimemwagiza Fabien, dereva wa gari la Uvira, aniletee posheti ya kijani, ya kulingana na tai yangu. Nimesema asiogope bei. Amesema sawa, mukubwa.

Jumanne, 6 Agosti.

Nimekwenda kwa Henri, fundi cherehani, jirani wa ofisi yangu. (Ofisi: meza, mashine ya fotokopi na mimi. Naandikia watu barua.) Nimemwomba kwa siri anifundishe habari za posheti. Henri hana siri. Alisimamisha cherehani akaeleza kwa sauti mbele ya wateja watatu.

Posheti isitoke kwenye kitambaa kilekile cha tai. Zitafute kuelewana tu. Tai iking'aa, posheti ising'ae. Suti nzito inataka kitambaa chenye kusimama. Halafu akanitazama. "Na muntu mwenye iko na suti moja tu ya grey, atie leso nyeupe ya pamba, apige pasi, basi. Nyeupe inaenda na kila kitu."

Leso nyeupe! Ya kufutia kamasi! Nimemshukuru kwa adabu, nikaomba vipande vyake vya sakafuni nivifanyie majaribio.

Mahameli imevimba, nikaonekana nina titi moja. Nailoni inaruka nje yenyewe, hata nikiwa nimesimama kimya. Satini, lo! Satini ilinipendeza hata mimi mwenyewe. Nikaivaa mpaka sokoni kupima macho ya watu. Watu walitazama. Niliinama kwa mama mmoja kuuliza bei ya ndagala, dagaa wa kwetu, nikajibiwa, nikaondoka na kifua mbele. Nyumbani, mfuko mtupu. Nikarudi mbio. Mama akasema ndiyo, aliona kitu kinateleza kuingia kwenye beseni, lakini alikuwa anapima haraka haraka. Kimeshauzwa pamoja na ndagala. Sikumfuata mnunuzi. Ningemwambia nini?

Lakini sasa najua: satini huteleza. Na ya Placide ni satini. Nimelala na furaha.

Alhamisi, 8 Agosti.

Fabien amerudi. Ameniletea mkoba wa mwanamke.

Wa kijani, ndiyo. Unang'aa. Una mnyororo wa dhahabu wa uongo na kifungo chenye umbo la ua. Nimemuuliza hiki ni nini. Ameshangaa. "Si njo posheti, mukubwa? Bamama bote ba Uvira banabeba sawa ii." Na ni kweli, mkoba mdogo nao huitwa hivyohivyo! Mimi, ambaye naandikia mji mzima barua, nilishindwa kuandika kwenye karatasi maneno mawili: ya mfukoni. Fabien akaongeza kwamba muuzaji alimuuliza kama ni ya mke wake, naye akajibu hapana, ni ya mzee mmoja wa Baraka.

Niliuingiza kwenye mfuko wa koti. Mnyororo ukaning'inia mpaka tumboni. Nakiri kwamba kwa dakika nzima mbele ya kioo nilifikiri unaweza kupita kwa saa ya kizamani.

Nimempa Merveille, dada yake Lionel. Amenirukia shingoni, akasema atalala nao. Walau mtu mmoja katika ukoo huu ananiheshimu.

Jioni Henri alitamka neno la kuniponza bila kujua. Alikuwa anamshonea mteja blauzi, akalalamika kwamba kikwembe, yaani kitenge cha wax, kikiwa kipya, hakijaonja maji, kina wanga mwingi. Ukikikunja kinasimama siku nzima. Kikifuliwa tu, kinalala.

Kinasimama siku nzima! Nyumbani kwangu kila kikwembe kimeshafuliwa. Nimekagua vyote. Vimelala.

Ijumaa, 9 Agosti.

Mimi ni mtu wa ajabu. Nasema hivi kwa unyenyekevu.

Asubuhi Florentine aliniita nimsaidie kufunga sanduku la mahari. Ndani mlikuwa na vikwembe vitatu vipya. Viwili vimefungwa utepe, kimoja hakina. Nikapiga hesabu za mtu aliyesoma: vyenye utepe ni vya wakwe, kisicho na utepe ni cha Florentine mwenyewe, cha kuvaa. Na ndicho kilikuwa cha kijani, sawasawa na tai yangu, chenye safu za kuku wa rangi ya chungwa! Hakijaonja maji. Nilikigusa, kikajibu kwa mlio.

Florentine akaenda kutazama chai. Makasi ya Henri yalikuwa mfukoni mwangu. (Nilikuwa nimeyaazima kwa sababu nyingine. Siikumbuki.) Nikakata karibu na kona ya ndani kabisa, mraba wa sentimita thelathini. Nani atakwenda kuchungulia kona ya ndani? Na nilitumia rula. Mimi si mshenzi. Kisha nikakunja kikwembe kilivyokuwa, nikanywa chai.

Kikaoni nilifika wa mwisho, makusudi. Nilikuwa nimekunja kwa ufundi hivi kwamba kichwa kimoja cha kuku kinajitokeza juu ya mfuko na kutazama upande, kwa heshima zake. Placide akasimama kutoa hotuba ya majaribio. Alipofika kwenye "wapendwa wakwe," satini ikazama mfukoni. Akaanza kuivua kwa kidole. Maneno nayo yakazama. Nikasimama mimi. Kuku naye amesimama! Florentine alikunja uso akasema hicho kitambaa ni kama anakijua. Nikamwambia ni cha Henri. Nimechaguliwa.

Lionel alinisindikiza mpaka barabarani. Alinishika mkono kwa muda mrefu. "Mujomba, huyu binti mi minamupenda sana. Miaka ine minamungoya. Kesho utaye jina ya Divine tu. Ya mama yake uache." Nimeapa. Ni kijana mwema, hajawahi kunicheka, hata ile ya Lubondja.

Jumamosi, 10 Agosti. Swima.

Naandika nikiwa nyuma ya nyumba ya wakwe, karibu na mbuzi. Hapa ndipo nilipoambiwa nikae.

Hotuba ilikuwa nzuri! Ilibaki hivyo mpaka mwisho, waseme wasiseme. Nilitaja Divine mara tisa na mama yake sikumgusa. Wazee wa upande wao walitikisa kichwa kukubali. Yule wa mbele aliuliza kwa sauti ya chini nani amemvalisha msemaji vizuri hivi. Nilimsikia. Nikavuta kifua.

Kisha zawadi. Mbuzi wakapita, majembe yakapita, suti ya baba mkwe ikapita. Sanduku likafunguliwa na Mama Adolphine, shangazi mkubwa wa Divine, mwanamke ambaye hata mbuzi walikuwa wamenyamaza mbele yake. Kila kikwembe alikifunua mpaka mwisho. Wanawake wawili wakakishika huku na huku, wakakiinua ili ukumbi wote uone. Desturi. Nimehudhuria mahari kumi na moja, naijua desturi hiyo. Cha kwanza, vigelegele. Cha pili, vigelegele. Halafu akatoa cha kuku.

Nilimnong'oneza Florentine: hicho si chako? Akanong'ona kwamba ni cha mama yake Divine, ndicho kizuri kuliko vyote, ni utepe tu uliisha.

Sijui niandikeje. Wakakiinua. Kuku wakatembea, safu nzuri, kuku, kuku, kuku, na mwishoni dirisha. Dirisha la mraba. Kupitia hapo nilimwona Placide. Kando ya dirisha alisimama kuku mmoja mwenye miguu, mbawa na shingo. Basi.

Mama Adolphine akaingiza mkono kwenye tundu, akautoa upande wa pili. Akasema panya wa Swima anawajua, hawakati hivi. "Ii panya ilisoma coupe-couture kwa fundi?" Kisha, polepole: "Na kichwa ya ii kuku, iko wapi?"

Niliweka mkono kifuani. Watu wakadhani nimeguswa moyo. Placide, kwa wema wake wote, akauliza kama nimepatwa na ugonjwa, akanishika mkono na kuushusha. Henri alisema kweli. Wax mpya husimama siku nzima. Kuku akainuka mfukoni akatazama ukumbi.

Nikasema ni desturi ya kwetu, kukata kipande ili ukoo na ukoo zishonwe pamoja. Florentine akauliza kwetu wapi. Yeye ndiye wa kwanza kuzaliwa na desturi hiyo haijui.

Mzee wa upande wao akasimama. Alisema mtu akimletea mama wa binti nguo iliyokatwa, anamwambia kwamba binti yake ni masalio. Akaomba zawadi zirudishwe kwenye sanduku. Divine alikuwa mlangoni, akageuza uso. Lionel hakunikasirikia. Alinitazama tu, kama anatafuta neno la kunitetea na halipati. Niliona aibu. Si ile ya Lubondja, ile ilikuwa mchezo. Hii ilinipigisha magoti.

Kwa hiyo nilipiga magoti. Nikasema ukweli, na ulikuwa mfupi: mimi nimekata, kwa sababu nilitaka kuonekana, Lionel hakujua, Divine asiadhibiwe kwa kiburi cha mfuko wangu.

Mama Adolphine akauliza basi mama wa binti atapata nini mahali pa kikwembe kilichoharibika. Hatukuwa na kitu. Ndipo Merveille alipoinuka mwenyewe, machozi yamemjaa, akamvisha mama yake Divine ule mkoba wa kijani begani. Mnyororo ukalia. Mama akafungua kile kifungo cha ua, akakifunga. Akakifungua tena. Akajipindua kidogo ili wenzake wauone ubavuni. Akasema kweli nguo ni nguo, lakini posheti ya namna hii Swima nzima haiko.

Vigelegele!

Mama Adolphine hakuridhika bila hukumu. Aliagiza sindano. Kichwa nikirudishe mwenyewe, palepale, mbele ya watu. Nilishona mkekani nikizungukwa na bamama wanaimba. Nilipoinuka, kwanza nilikuwa nimekishona pamoja na tai yangu. Walipokata uzi na kunikomboa, wakaona pia kwamba kichwa nimekigeuza. Sasa kuku wote wanaangalia Swima na mmoja anaangalia Baraka. Mama yake Divine amekataa kirekebishwe. Anasema huyo ndiye ukoo wa bwana harusi.

Wanakula. Mbuzi mmoja ananusa mfuko wangu.

Jumapili, 11 Agosti. Baraka.

Habari ilifika kabla yangu. Kanisani mtu nyuma yangu alitoa mlio wa kuku wakati wa sala. Naitwa Tonton Kichwa, yaani Mjomba Kichwa. Placide ndiye atakayesema kwenye harusi. Merveille hazungumzi nami. Nimemwahidi mkoba mwingine na safari hii nitaandika kwenye karatasi.

Nilikwenda kumwomba Lionel msamaha. Alicheka kwa mara ya kwanza. Mahari imepokelewa, alisema, hayo mengine atawasimulia watoto. Nikarudi nyumbani nikijisikia mdogo sana na mwenye furaha sana.

Halafu nilianza kufikiri. Nani aliagiza mkoba? Nani alimpa Merveille? Bila mimi wangetoa nini mahali pa kikwembe? Nimemweleza Florentine hoja hii. Amenifukuza kwa mwiko.

Alhamisi, 15 Agosti.

Harusi ya kanisani ni wiki ijayo. Nimekatazwa kusema, kupanga viti, kupokea wageni na kukaribia chakula. Florentine amenitafutia kazi moja ambayo hata mimi siwezi kuiharibu: kuchukua gauni la Divine kwa Henri na kulileta nyumbani, limefungwa ndani ya mfuko wake.

Nimekubali kwa unyenyekevu. Nimebadilika. Kuku na wax, basi tena! Henri alisema tangu mwanzo, nami kwa kiburi sikusikia: nyeupe inaenda na kila kitu.

Gauni ni jeupe. Kitambaa hakitelezi, hakivimbi, nimekigusa. Mkia wake una mita tatu na utaburuzwa kwenye vumbi la kanisa zima, mbele ya watu wanaomtazama bibi harusi usoni. Mita tatu! Nani anahitaji zote?

Nimepima tu. Kupima si kukata. Rula ninayo, na makasi ya Henri, nimekumbuka leo, sikuwahi kumrudishia.