Fundi Grisi Atwaa Pini ya Mtarimbo

Sogeeni, mlioketi na mliosimama, na wenye kikohozi wakimeze, niwasimulie vita vya Ijumaa ile, vilivyopiganwa kwenye dirisha la stoo ya vipuri, vita ambavyo hakufa mtu ila subira.

Katika hanga, banda la ndege, ilisimama ndege ya jeti ya kufundishia marubani, yenye pua ya mkuki na sauti ya radi. Lakini chini ya dari haikuwa na ujanja, ilitolewa nje kwa kukokotwa na trekta kama mbuzi mkaidi. Kati ya trekta na ndege huwa pana mtarimbo, chuma kirefu cha kukokotea, na ndani ya mtarimbo mna pini ya urefu wa kidole, iliyoundwa makusudi ikatike ikivutwa vibaya, ili gurudumu la ndege lisalimike. Asubuhi hiyo dereva alikata kona kwa fujo. Pini ikatii, ikawa vipande viwili.

Mkuu wa kikosi akanguruma: "Ndege isipotoka kufikia saa sita, hakuna likizo kwa mtu!"

Neno hilo lilimchoma Fundi Grisi, bingwa wa spana, simba wa nati zilizoshika kutu, kwani kesho yake binti yake wa pekee alikuwa anaolewa, na basi la mwisho lilikuwa la saa saba. Akatia vipande mfukoni, akaikabili stoo, alikotawala Mzee Muhuri, mlinzi wa rafu, asiyetoa kitu bila kuguna. Nyuma yake pini mpya arobaini zilimeremeta.

"Shikamoo, mzee. Naomba pini."

"Marahaba. Leta kibovu, chukua kizima. Ndiyo kanuni."

Fundi akamwaga vipande mezani. Mzee akavaa miwani.

"Imekatika kwa nini?"

"Iliundwa ikatike."

"Basi imefanya kazi yake. Kilichofanya kazi yake si kibovu, baba. Sikupi."

"Mzee, mwanangu anaolewa kesho!"

"Hongera. Kanuni haiolewi."

Fundi akarudi nyuma kama jeshi lililokosa maji, akaizunguka stoo mara tatu, akitukana kimoyomoyo. Saa tano na nusu akasimama tena dirishani.

"Mzee, umenishinda. Pini hii si mbovu. Kwa hiyo ni nzima?"

"Nzima kabisa!"

"Basi nairudisha. Nipe stakabadhi."

Mzee, ambaye maisha yake yote hajakataa kupokea, akaandika: pini moja, nzima. Akagonga muhuri hadi dirisha likatikisika, akavipanga vipande vyote viwili mwisho wa safu.

"Sasa, kwa stakabadhi hii, nachukua pini moja nzima."

Mzee akacheka, akavinyooshea mkono vile vipande.

"Polepole, mzee wangu! Kanuni ya rafu yasemaje?"

"Kilichotangulia kuingia..." Akaigeukia safu. "...ndicho hutangulia kutoka."

"Hiyo imeingia sasa hivi."

Mkono ule, uliokuwa haujawahi kushindwa, ukahamia mwanzo wa safu, ukashika pini mpya, ukaitoa kama mtu anayeng'olewa jino.

Saa sita kasoro dakika nne, jeti ilisonga hatua ishirini na kuliona jua. Na iandikwe kwamba Fundi Grisi alilipata basi, akamwoza binti yake kwa mikono yenye grisi, huku akina shangazi wakimkwepa wasichafuke.

Na stoo bado ina pini nzima arobaini, zimehesabiwa, zimegongewa muhuri. Siku ikifika zamu ya ile ya mwisho, Mungu amsaidie fundi atakayekuwa dirishani.