Ngara Ndiyo Inayopinda Mpira

Jumatatu, 3 Juni 2024

Kuanzia daraja la Rusumo mpaka ufukwe wa Ziwa Victoria hakuna anayecheza gofu kunishinda mimi, Danstan, fundi pancha wa stendi ya Ngara. Fimbo ya gofu sijawahi kuiona kwa macho. Si hoja. Padri naye hajaoa, na semina ya ndoa anaiendesha yeye.

Gofu yangu ni ya kwenye simu, mtandaoni. Kupiga mbali najua. Ugonjwa wangu uko mwisho, kwenye grini, zile nyasi fupi zenye shimo na kibendera. Nasukuma mpira kistaarabu, wenyewe unakata kona kama mlevi aliyemwona mkewe.

Leo Joyceline kanifunga tena. Huyu anachajisha simu za watu, kibanda cha pili kutoka kwangu. Shule nilimtangulia miaka miwili. Akanikuta darasa la tano, akanipungia mkono, akapita. Lakini bado ni mdogo wangu! Mbele ya bodaboda wote katangaza kwamba Jumamosi tucheze mashimo tisa, na atakayeshindwa atampa mwenzake shikamoo kila asubuhi, hapahapa stendi, kwa sauti, mwezi mzima. Bodaboda wakapiga honi. Ningekataaje? Nikamwambia aanze kujizoeza kuinama.

Shikamoo kwa Joyceline! Afadhali nitafune tyubu.

Jumanne, 4 Juni

Ndassa, rafiki yangu wa bodaboda, kanishauri nimuulize Joyceline siri yake. Eti kuuliza si ujinga. Nikamtuma akaulize yeye, kama kwa faida yake mwenyewe.

Karudi. Eti kwenye grini kuna vitone vinatembea juu ya mistari. Vinakokimbilia ndiko mpira utakakopindia, kwa hiyo unalenga upande wa pili wa shimo. Vikienda mbio, lenga mbali. Vikienda polepole, lenga karibu. Vikisimama, piga moja kwa moja. Eti ndiyo yote. Na Joyceline kasema Danstan asalimiwe.

Ndiyo yote! Siri ya kweli haiwezi kuwa fupi hivyo. Mtego huo.

Jumatano, 5 Juni

Nimegundua! Ukiilaza simu ubavu, picha nayo inageuka. Sivyo? Maana yake simu inajua imekaaje. Sasa, Ngara iko wapi? Mlimani! Ukidondosha kifuniko cha tairi hapa stendi, unaenda kukiulizia bondeni. Simu inauhisi mlima, inaupeleka kwenye grini. Joyceline kwao ni juu kabisa, kileleni, kazoea tangu utotoni. Dawa ni kucheza kwenye tambarare. Na shangazi yangu Esperansia yuko Biharamulo, kijijini, shamba limenyooka kama chapati.

Ndassa kauliza, je, waliotengeneza mchezo wanaijua Ngara? Nikamwambia ndiyo maana atazeeka juu ya pikipiki. Kanikumbusha kwamba pikipiki ni yake na mimi naziba matairi yake. Watu wenye fikra kubwa hatujibizani.

Nimeazima pimamaji ya fundi mwashi, ya kupimia usawa. Mwenyewe bado hajajua.

Alhamisi, 6 Juni

Nimefika. Shangazi kafurahi mno. Kauliza habari za nyumbani, kashukuru Mungu, kanipa gunia la mahindi nipukuchue. Vidole vinawaka. Vidole vya gofu!

Tatizo ni mtandao. Ndani hakuna, uani hakuna. Unapatikana sehemu moja tu, juu ya kichuguu nyuma ya migomba. Huko ndiko shangazi anakopanda kuongea na wanawe. Nikapanda. Mtandao safi! Nikalaza pimamaji. Kile kitone cha hewa kikakimbilia upande mmoja, kikaganda huko. Kichuguu kimechongoka! Yaani katika Biharamulo yote, mlima mmoja, na mtandao umekaa juu yake.

Ijumaa, 7 Juni

Nimekikata kichwa. Kwa jembe, asubuhi, shangazi alipokwenda kuchota maji. Nimechonga, nimepima, nimechonga, mpaka kitone kikakaa katikati. Jukwaa!

Shangazi aliporudi hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha. Alisema alipoolewa alikikuta kichuguu hicho. Kila msimu wa kumbikumbi anakifunika majani, wanatoka debe zima, wajukuu wanakula hadi wanasinzia. Akauliza kimenikosea nini. Nikamweleza habari za gofu. Alisikiliza mpaka mwisho, ndoo bado kichwani. Akasema Jumapili nirudi kwetu, na nisisumbuke kupita kwa ndugu kuaga.

Jumamosi, 8 Juni

Saa kumi kamili. Niko kichuguuni, simu juu ya pimamaji, nimekaa kama askofu. Ndassa kaandika ujumbe kwamba stendi nzima imejaa kwa Joyceline, nusu wananishangilia, nusu wananiombea.

Shimo la kwanza, moja kwa moja, ndani! La pili, ndani! La tatu mpira ukapinda. Nikasawazisha pimamaji. La nne ukapinda zaidi. Shimo la tano nikachoka, nikalenga upande wa pili wa vitone, basi tu, kwa hasira. Ukaingia. La sita hivyohivyo. Sifa zote kwa tambarare.

Tukafika la tisa tukiwa sawa. Joyceline kamaliza kwa mipigo minne. Mimi nimetumia miwili, na mpira uko hatua moja na shimo. Hatua moja! Nikiingiza, ni mitatu kwa minne, nimeshinda.

Ndipo mchwa askari walipotoka kudai paa lao. Mmoja kaniuma paja la kulia. Wawili mahali nisipoweza kupataja.

Mpigo wa kwanza ukapita kushoto. Wa pili ukapita kulia. Wa tatu ukaingia, wakati hauna kazi.

Jumatatu, 10 Juni

Nimerudi. Nilipanga nifike stendi mapema kabla ya watu. Walikuwepo wote. Ndassa aliwaamsha, msaliti. Joyceline kajifunga kanga, kakaa kwenye kiti kama bibi harusi.

Nikasema shikamoo. Wakadai hawajasikia. Nikairudia. Joyceline akaitikia marahaba, mwanangu, mbona umekua hivi, akanishika kichwa. Honi! Mpaka fundi mwashi akatoka kuangalia kuna nini. Akaiona pimamaji yake kwapani kwangu.

Nimewaeleza wote. Kwamba ni mchwa. Kwamba shangazi alinivuruga akili. Kwamba pimamaji yenyewe ni mbovu, na hapo fundi akaongeza maneno yake. Bado asubuhi ishirini na tisa.

Ila hapa kwenye daftari, ambapo Joyceline hasomi, nitasema. Mchwa walikuja baadaye. Wakati napiga ule wa kwanza nilikuwa mzima, sina hata muwasho. Na vitone vilikuwa vimesimama. Vimesimama kabisa! Biharamulo ilikuwa imeinyoosha grini yote, kama nilivyosema tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyelenga kushoto, kana kwamba bado niko Ngara.