Sungura Hakulala

Jumatatu, 3 Juni
Cherehani mpya ya umeme imefika! Imewekwa dirishani, penye hewa na wapita njia. Mama mwenye duka katangaza: mimi na shemeji tushone koti mojamoja, atakayemaliza kwanza akae pale. Atakayeshindwa abaki na ya kukanyaga, mlangoni mwa choo.

Nimecheka hadi pini zikanitoka mdomoni. Shemeji, kaka wa mke wangu, ndiye fundi mzito kuliko wote. Wateja humwita Kobe. Mmoja kaniuliza kama naijua hadithi ya sungura na kobe. Naijua kuliko yeye! Sungura hakulala. Huo uzushi. Kobe alipanga ndugu zake njiani, wamefanana kama sahani. Basi mimi nitawachunga ndugu wa shemeji.

Jumanne, 4 Juni
Nimemaliza kukata kabla ya chai. Shemeji bado anachora kwa chaki, anafuta, anachora. Nafasi ninayo, nikaenda kumchunguza mdogo wake. Nimemfuata hadi sokoni. Kageuka, kaninunulia soda, kaniuliza watoto hawajambo. Ujanja huo!

Jumatano, 5 Juni
Koti langu limebaki mikono tu. La shemeji lina mfuko mmoja. Mke wangu kanishauri nikashone mikono, niache upelelezi. Nikamkumbusha kuwa yeye ni dada wa mtuhumiwa. Chakula cha jioni nimejipakulia mwenyewe.

Alhamisi, 6 Juni
Siku mbaya. Niandike ukweli.

Baada ya chakula cha mchana nilijificha chini ya meza ya shemeji ili nione miguu mingapi inashona. Miwili. Yote yake. Nikafumba macho kidogo ili wasijue niko macho. SIKULALA. Nilivyofumbua, watu wanapiga makofi na mteja anajitazama kwenye kioo ndani ya koti la shemeji. Nikainuka kwa hasira, nikapasua paji la uso kwenye meza.

Na mimi nimefunikwa koti langu lisilo na mikono! Shemeji kasema aliona nakoroma, akahofia baridi. Mnaona? Koti likinifunika mimi, litashonwaje? Nimemwonyesha mama mwenye duka ushahidi huo. Kanionyesha mlango wa choo.

Ijumaa, 7 Juni
Harufu. Kila anayepita ananisalimu kwa haraka. Roho inaniuma, sifichi. Shemeji kasema tubadilishane zamu dirishani, sisi ni ndugu. Nimekataa! Nimemwambia turudie Jumatatu, safari hii suruali. Kasema sawa, taratibu, huku akitunga uzi.

Mpango ninao. Kama kobe alishinda kwa ndugu, na mimi nitaweka ndugu. Mji huu ndugu yangu ni mke wangu peke yake. Nimemwomba ashone mguu wa kushoto kwa siri, mimi wa kulia. Amecheka hadi akakaa chini, kisha akatoka kwenda kwa kaka yake.

Nadhani amekwenda kupeleleza. Mwanamke hodari! Wacha nifumbe macho kidogo nikimsubiri.